Mistari ya Majivu: Kumuaga Bwana Othman Faki

Baada ya miaka kumi na saba ya utumishi, Bwana Othman Faki, katibu na mtunza ghala wa chama chetu cha michezo hapa Kitui, anastaafu Jumamosi, tarehe 29 Novemba 1958. Alianza mwaka 1941 akiwa na baiskeli, filimbi, na mpira mmoja wenye viraka vingi kuliko ngozi yenyewe. Filimbi bado anayo. Baiskeli tumemshauri aistaafishe pia.

Mengi ameyafanya, lakini sisi tuliofanya naye kazi tunamkumbuka zaidi kwa kosa moja.

Ilikuwa Agosti 1950, mwaka wa njaa. Ghala la chama lilikuwa limeazimwa kuhifadhia unga wa msaada. Nacho chama kilikuwa kimekwisha onywa kwamba fujo moja tu ikitokea, kiwanja kitafungwa. Asubuhi ya fainali ya Kitui na Ikutha, Bwana Othman alitoa ghalani gunia, akijua ni la chokaa, akachora mistari yote, iliyonyooka ajabu. Watu wakajaa. Mama Kasyoka, muuza uji, akainama, akachovya kidole, akaonja.

"Hii si chokaa!" akapaza sauti. "Hii ni unga ya watoto, na nyinyi munataka kuikanyaga na mpira!"

Watu waliingia kiwanjani kwa hasira, na haki walikuwa nayo. Bwana Othman angeweza kutoroka kwa ile baiskeli. Badala yake alivua kofia, akapanda juu ya sanduku, akasema kosa ni lake peke yake. Kisha akamwita aliyekuwa mkali kuliko wote, Mama Kasyoka, pamoja na Kilonzo, nahodha wa Ikutha, wakaketi watatu golini.

Hapo golini walifanya kitu ambacho chama hakikuwahi kuwa nacho: waligawana kazi ya kuzima moto. Kilonzo ndiye pekee ambaye angeutangazia umati, kwa Kikamba, ili habari isitoke vinywa kumi. Mama Kasyoka angepokea malalamiko. Bwana Othman angetenda watakaloamua wale wawili, bila kubisha.

Waliamua haraka. Wachezaji wa pande zote mbili walipiga magoti, wakaukusanya unga kwa sahani. Uliokuwa safi ulichekechwa, Mama Kasyoka akawapikia watoto uji palepale. Ule wenye vumbi ulitupiwa kuku. Akina mama wa nyumba za jirani wakaleta majivu ya mekoni, mistari ikachorwa upya. Mechi ilichelewa saa moja na nusu, Kitui tukafungwa tatu kwa mbili, na hakuna aliyerusha hata kijiti. Kiwanja hakikufungwa.

Watatu hao ndio Kamati ya Dharura tuliyo nayo hadi leo. Imetuokoa lori lilipokwama mtoni siku ya mechi ya Kikima, na refa alipougua tukiwa tumekwisha jipanga. Kanuni ya Bwana Othman haijabadilika: aliyekasirika zaidi apewe kiti kwanza.

Tangu siku ile ya unga alianza kuonja kila gunia kabla ya kulifungua. Mwaka 1954 akaonja chokaa ya kweli. Mdomo ulivimba, hakuweza kusema siku mbili, nayo mashindano yalikuwa yameanza. Kamati iliendesha mambo yote bila yeye, na hatujapata kumwona mtu aliyevimba mdomo akicheka vile.

Kwa hiyo, Bwana Othman, nenda bila wasiwasi. Tunakushukuru, na tutakukosa sana. Jumamosi kutakuwa na mechi ya kukuaga. Ghalani chokaa ipo tele, lakini hatutaigusa. Mama Kasyoka ameanza kukusanya majivu tangu Jumatatu, na amesema mstari wa kwanza atauchora yeye, kuanzia golini, pale mlipoketi. Mungu akupe siku nyingi za raha na afya njema, wewe na jamaa yako.