Mgongo wa Mzee Mkanda

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono leo, mniwie radhi nikisoma polepole, maana macho yana maji na maneno haya yaliandikwa upya jana jioni. Kwa mazoea anayesimama hapa huwa kaka mkubwa wa familia, naye yupo, amekaa pale mbele, hana kasoro yoyote, ila jana kwenye kikao mjane alisema kwamba atakayesoma ni kitinda mimba, na mnamjua wifi yangu, akishatia gia hakuna wa kumsimamisha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Mkanda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya useremala, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watatu, baba akiwa seremala na mama fundi cherehani. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, na alipofika darasa la nne mama alijifungua mtoto wa mwisho, akaugua, akalazwa hospitali karibu mwaka mzima, na kwa kuwa kaka mkubwa alikuwa tayari anashika msumeno pamoja na baba, mtoto mchanga alibaki mikononi mwa kijana wa miaka kumi na mmoja. Alijifunza kupika uji mwepesi na kuupima joto kwa mgongo wa mkono, alijifunza kufunga mbeleko, alijifunza kujua kilio cha njaa na kilio cha tumbo, na mama aliporudi nyumbani, mwembamba kama uzi, alikuta mtoto amenona mpaka shingo haionekani. Mtoto huyo ndiye anayewasomea. Baba, kwa upande wake, hakutoa shukrani, alisema kwamba sasa mama amerudi na jiko lina mwenyewe, akamtoa kijana jikoni kwa sikio, akampeleka karakana.

Alisoma sekondari kuanzia mwaka 1972 hadi 1975, katika shule ambako wasichana walifundishwa mapishi na malezi ya watoto, na wavulana walifundishwa useremala, naye, mtoto wa seremala, alitengeneza kigoda kilichoegemea upande kama mlevi, akapata alama za mwisho darasa zima. Alishikwa mara kadhaa amesimama dirishani kwa wasichana, mwalimu akadhani anatafuta mchumba, akachapwa kwa kosa hilo, na hakumwambia mtu kwamba alichokuwa akikitafuta ni namna ya kumpoza mtoto mwenye homa. Jamani, kuna watu huchapwa kwa dhambi wasizozijua.

Tarehe 5 Februari 1979 aliajiriwa kuwa karani wa ghala katika kiwanda cha mafuta ya kula, na ni hapo, kwenye dirisha la ghala, alipomwona mara ya kwanza dereva wa kike aliyeletwa kuendesha lori la kiwanda. Wapakiaji walikuwa wakijipanga kila asubuhi kumtazama akirudi kinyumenyume, wakisubiri augonge ukuta wa nyuma, na ukuta ule upo hadi leo, nendeni mkautazame, haujaguswa. Karani wa ghala naye alikuwa akitazama, ila kwa sababu zake, na tarehe 18 Agosti 1984 walifunga ndoa, na tarehe 2 Desemba 1986 walijaliwa binti yao wa kwanza.

Sasa tumefika mahali ambapo jana kikao kilisimama.

Wifi alipomaliza likizo ya uzazi, mkuu wa usafirishaji alimwita ofisini, akamwambia kwamba kiwanda hakiwezi kumpa safari ndefu mama mwenye mtoto mchanga, achague moja, usukani au mtoto, na madereva wa kiume waliokuwa na watoto wachanga nyumbani, nao walikuwa wanne, hawakuitwa kuchagua chochote. Alirudi nyumbani amefura, akaketi jikoni, akaeleza, na mumewe, ambaye wakati huo alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Mimi ghala silipendi, na huyu nampenda, sasa tatizo liko wapi?" Wifi anasema alicheka, halafu akalia, halafu wakakubaliana. Tarehe 31 Machi 1987 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka thelathini, mwenye nguvu zake zote, asiye na ugonjwa wowote wa mgongo.

Naona baadhi yenu mmeinua vichwa. Narudia, bila ugonjwa wowote wa mgongo.

Habari zilipofika kwa baba alisema hakuzaa mwanamume aje kufua nepi, na kwamba mtu mwenye miguu miwili na mikono miwili anayekaa nyumbani mkewe akiwa barabarani, asikanyage kwake. Mama hakubishana, hakuwa mtu wa kubishana, alikaa kwenye cherehani, akashona mkanda mpana wa turubai wenye vifungo vitatu, akampelekea mwanawe, akamfunga kiunoni, akamwambia, "Wape watu cha kusema, la sivyo watajitafutia wenyewe. Mwanamume mgonjwa husamehewa." Basi ikatangazwa kwamba karani wa ghala aliteguka mgongo akiinua pipa la mafuta, masikini, na masikini huyo akapata ruhusa ya ulimwengu kulea mtoto wake.

Watoto pacha wa kiume walizaliwa tarehe 23 Novemba 1989, na kwa hao wawili na dada yao marehemu alifanya yote mnayoyajua na msiyoyajua, alifua, alipika, alikaa kwenye foleni ya kliniki mtoto mmoja kifuani na mwingine mgongoni, ule ule mgongo mbovu, na kama mnashangaa ni vipi kina mama wa kliniki hawakuligundua hilo, basi mnawaonea. Waligundua siku ile ile. Walikaa kimya, kisha wakaanza kumlinda, ikawa kila mwanamume anapojitokeza kwenye kona ya barabara mmoja wao hukohoa, na Mzee Mkanda hushika kiuno na kuanza kuchechemea. Siku moja pacha mmoja alichomoka kuelekea barabarani, baba yake akaruka mtaro na uzio wa jirani kwa hatua moja, mkanda umebaki kwenye kamba ya nguo, akamdaka mtoto hewani, na mtaa mzima wa wanaume waliokuwa wakicheza bao uliona. Ilibidi alale kitandani wiki nzima, anagumia, kina mama wakipita kumjulia hali kwa sauti kubwa ili wasikike nje, na chini ya shuka anacheka mpaka kitanda kinatikisika.

Ilikuwa vichekesho, ndiyo, lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa vichekesho tu. Kila Jumapili baba alikuja na chupa ya dawa ya kuchua, akamlaza mwanawe kifudifudi, akamchua mgongo kwa mikono ile ya randa na patasi, polepole, akimwuliza kama inauma, na alimchongea ubao wa mninga wa kulalia, akausugua mpaka ukawa laini kama shavu. Marehemu aliniambia kwamba kabla ya hapo baba hakuwahi kumgusa isipokuwa kumshika sikio. Mnaelewa alichokuwa akikilipia? Akivua mkanda, anapoteza mikono ya baba, akiuvaa, anachukua mapenzi yaliyotumwa kwa mtu mwingine, mtu mgonjwa ambaye hakuwepo. Aliuvaa. Baba alifariki mwaka 2003 akiamini anaacha mwana mlemavu, na siku ya msiba ule nilimwambia kaka, haya, sasa mzee ameondoka, tupa kitambaa hicho, akanitazama kama nimemwambia atembee uchi. Aibu haifi pamoja na aliyeianzisha.

Watoto wamekua, wamesoma, binti ni mwuguzi, pacha mmoja ni fundi umeme na mwingine ana duka la vipuri, na nyumbani mwao neno mgongo lilikuwa utani wa familia, baba akiwa hataki kwenda kikao cha ukoo husema "mgongo, jamani," na wote huangua kicheko, maana wao ndio waliojua. Mwezi Februari 2018, wakiwa mezani, alisema leo mgongo unauma kweli. Wakacheka. Naye akawatazama, akacheka pamoja nao, akachukua kijiko, akaendelea kula.

Hakusema tena. Alikwenda peke yake zahanati, na huko pia alijulikana kwa mgongo, kwa kuwa miaka yote alikuwa akipita kuchukua vidonge vya kuonyesha watu, basi akapewa vidonge vile vile, akarudi nyumbani. Tarehe 19 Agosti 2018 wifi alirudi safari, akamkuta ameketi sakafuni bafuni, hawezi kuinuka, na mkanda ameufunga kwa nguvu mpaka umeacha alama kwenye ngozi, kwa mara ya kwanza ameuvaa kwa sababu ya maumivu. Alimbeba, akamweka kwenye lori, akaendesha mwenyewe mpaka hospitali kuu.

Daktari aliuliza maumivu ya mgongo yalianza lini. Binti, mwuguzi aliyefuzu, mtu anayejua uzito wa swali hilo, alifungua mdomo na likatoka lile jibu alilofundishwa tangu utoto kuwajibu wageni, kwamba baba ana mgongo tangu mwaka 1987. Daktari akaanza kuandika. Hapo mama yake alimshika daktari mkono, akasema, "Hapana, futa. Mume wangu alikuwa mzima. Tulidanganya." Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kusemwa mbele ya mgeni, na wifi anasema yalimtoka kama jino. Vipimo vikaonyesha saratani iliyoanzia kwenye tezi dume, ikawa imekwisha kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na daktari akasema, kwa upole, kwamba angefika miezi sita nyuma wangekuwa na la kufanya.

Tangu msiba huu uanze nimeisikia ile methali mara nyingi, wengine wameinong'ona hata humu ndani, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mnamkosea. Kaka yangu hakuficha maradhi, alificha uzima, akauficha miaka thelathini na moja kwa sababu sisi, na nasema sisi, tulikuwa tayari kumpenda mwanamume aliyevunjika kuliko mwanamume aliyebeba mtoto kwa kupenda, na maradhi yalipokuja kweli yalikuta mlango wao umeshafungwa na uongo wetu. Hatumlaumu daktari, hatuwalaumu watoto waliocheka, wamekwisha kujilaumu vya kutosha, na wanangu, shangazi yenu anawaambia mbele ya watu wote hawa, inatosha.

Alitibiwa hospitali na nyumbani kwa miezi kumi, akihudumiwa na mkewe, ambaye aliegesha lori na kukaa naye, akamwogesha, akamlisha, na marehemu alikuwa akimtania kwamba uji wake una madonge. Alifariki tarehe 11 Juni 2019, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Katika kikao cha jana kaka mkubwa, kwa nia njema, na nia yake siitilii shaka, alitaka isomwe kwamba marehemu aliacha kazi kutokana na maradhi ya mgongo na akapumzika nyumbani, kwa sababu, alisema, mtu huzikwa na heshima yake. Mjane alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Shemeji, mkisoma hivyo mtakuwa mmemzika mtu mwingine, na wangu nitabaki naye ndani." Kaka mkubwa, ambaye miaka yote hii alikuwa akimtumia ndugu yake dawa za mgongo, aliuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli hakuwahi kuumwa hata siku moja, akaambiwa ni kweli, akavua miwani, akalia, tukalia naye. Ndiye aliyesema niandike upya.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume waliompunguzia maumivu kadiri walivyoweza, tunawashukuru majirani waliofungua nyumba zao wageni wapate pa kulala, na tunakishukuru kiwanda kwa kuleta mwakilishi, ingawa alikifanyia kazi miaka minane tu. Kuhusu wafanyakazi wenzake wa miaka mingine yote, hao ni kina mama wa kliniki, wa bombani na wa kamba za kuanikia nguo, ambao naona wamekaa nyuma kabisa kana kwamba wamekuja kumsindikiza mtu mwingine. Tafadhali, kina mama, sogeeni mbele, wanaume wapisheni viti hivi, kaka mkubwa ameshainuka. Njooni mkae mahali pa wafanyakazi wenzake.

Kaka, ulinilea mimi, ukalea na wako, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yako na leo tumeitaja kwa jina lake, pumzika kwa amani.