Mama Komeo na Mlango Usiofungika

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha matofali. Familia sita zilitumia choo kimoja chenye pazia la gunia, na upepo haukuwa na adabu. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alijua kuogopa kabla ya kujua kutembea. Tulicheka. Mimi mdogo wake, ninayewasomea haya, leo sicheki.

Alianza shule mwaka 1975. Vyoo vya wasichana vilikuwa na milango, ila makomeo yalikuwa yameng'oka. Akiwa darasa la nne, wavulana wakubwa waliusukuma mlango yeye akiwa ndani, wakakimbia wakicheka. Hakumwambia mwalimu wala mama. Aliniambia mimi, na tangu siku hiyo nikawa bawabu wake. Nilisimama nje, mgongo kwenye mlango. Sauti ilitoka ndani: "Upo?" Nami nikajibu, "Nipo." Nikichelewa, alitoka mbio kabla hajamaliza, macho yamemtoka. Alifaulu mtihani wa mwisho vizuri, akapangiwa shule ya bweni. Alikwenda kuitazama, akarudi siku ile ile. Baba alifoka hadi sauti ikamkauka. Mimi nilijua dada ameona nini huko.

Mwaka 1988 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akishona mifuko ya suruali. Msimamizi alikuwa ameyang'oa makomeo ya vyoo ili watu wasijifiche humo, na wanaume na wanawake walipishana mlango mmoja. Dada alijitafutia dawa: hakunywa maji tangu asubuhi hadi alipofika nyumbani. Shoga zake walimwita Ngamia. Hata hivyo, wakibanwa walimtafuta yeye awasimamie mlango. Siku moja msimamizi alikuja akipiga kelele, na mwoga kuliko wote akamzuia: "Bosi, kuna mtu ndani. Subiri." Waliokuwapo wanasema sauti ilitetemeka, lakini hakusogea. Yeye mwenyewe hakuingia kamwe. Alisema hakuna wa kumsimamia kama mdogo wake.

Alifunga ndoa tarehe 3 Desemba 1994 na seremala aliyekuwa mpangaji mwenzake. Huyu bwana alimwona kila asubuhi akienda chooni na kipande cha kamba cha kufungia mlango. Alitengeneza mlango mpya, akaupiga makomeo mawili, akamwambia, "Moja likikuangusha, lingine lipo." Wengine huposwa kwa manukato, dada yetu aliposwa kwa komeo, na jina la Mama Komeo likamganda. Wanawe na wapangaji wote aliwafunza: "Ukikuta mlango umefungwa, kohoa mara moja, kasimame mbali. Usigonge kama askari, usichungulie, usimwite mtu jina. Ukitoka, mwachie mwenzako maji." Mgeni aliyegonga mara mbili hakuongezewa chai.

Mgongo ulianza kumuuma mwaka 2019. Daktari alisema ni figo. Maambukizi ya mkojo yalikuwa yamejirudia miaka mingi, mwili haupati maji, mkojo unabanwa. Tulimuuliza kwa nini hakusema. "Ningeanzia wapi?" alijibu. Jibu hilo linanitisha hadi sasa, kwa sababu sijui ni wangapi kati yetu tulioketi hapa tusiojua pa kuanzia.

Alilazwa mwezi Februari mwaka huu, 2025. Choo cha wodi kilikuwa mwisho wa korido, na mlango wake ulikuwa na tundu pale komeo lilipong'olewa. Hakuogopa sindano wala mashine. Aliogopa mlango ule. Mumewe alileta komeo na bisibisi, lakini muuguzi akamwambia kwa upole, "Baba, wagonjwa huanguka humo. Haturuhusu kufunga kwa ndani." Alirudi nalo mfukoni. Basi nikasimama tena, mgongo kwenye mlango. "Upo?" "Nipo." Siku moja alinishika mkono. "Mdogo wangu, nikifa watanivua nguo watu nisiowajua. Nani atashika mlango?"

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi. Wanawake walipokuwa wakimwosha, nilisimama nje ya chumba cha maiti. Mhudumu alikuja na kitanda cha magurudumu, akataka kupita. Niliogopa. Nikamwambia, "Kaka, kuna mtu ndani. Subiri." Akasubiri.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne na sisi ndugu zake wanne. Sanduku mnaloliona amelitengeneza mumewe kwa mikono yake. Lile komeo lililokataliwa wodini amelipiga humo, kwa upande wa ndani.

Dada, nipo. Pumzika kwa amani.