Mama Spès na Glasi Zilizorudi Jikoni

Wasikilizaji wapendwa, mlio saluni, mlio kwenye maduka ya simu, mlio nyumbani Cato Manor, punguzeni kelele kidogo. Leo tunamkumbuka Mama Spès Nimbona, mzaliwa wa Burundi, muosha vyombo kwenye mgahawa wa Kiitaliano hapa katikati ya Durban. Jumanne iliyopita kifua kilimzidi. Ametutoka.

Miaka kumi na moja aliosha vyombo, na hakuosha kabla ya kutazama. Sahani ikirudi, aliangalia kimebaki nini. Glasi ikirudi, aliinusa. Hivyo akajua jambo ambalo wahudumu hawakulijua: chakula kilibaki pale kilipogombana na divai.

Siku moja tambi za dagaa, chakula cha Palermo, kule Sisilia, zilirudi nusu kutoka meza tatu. Glasi zote zilinuka divai nyekundu, nzito. Akamwita mpishi, Anselmo, mtu wa Msumbiji.

"Shefu, hii divai inaonea samaki. Uwape nyeupe, ya hukohuko Sisilia."

"Mama Anaïs," akamwita kwa jina la binti yake, "wewe umekunywa divai lini?"

"Sijakunywa. Lakini ndagala, dagaa wa kwetu Burundi, ninajua. Haipatani na kila mtu."

Anselmo akacheka, kisha akajaribu. Sahani zikarudi kama zimerambwa na paka.

Tangu hapo kila chupa mpya ilipita kwanza puani kwa Mama Spès. Tambi za majani ya basili za Genova akazipa Vermentino, divai nyeupe ya pwani ileile. Nyama ya Bologna yenye mafuta akaipa Lambrusco, nyekundu yenye povu, inayosafisha ulimi. "Vimelelewa nyumba moja," alisema, "vinajuana tabia. Mimi tu ndio niko mbali na ndagala yangu."

Hakunywa. Tunarudia, wasikilizaji wapendwa: hakunywa hata tone. Alinusa tu.

Lakini mabaki ya glasi yalimrukia nguoni. Na kila Alhamisi alitoka kazini moja kwa moja hadi mazoezi ya kwaya. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wiki nzima aliingojea siku hiyo. Mwaka jana kiongozi wa kwaya, Yeremia, alimsimamisha mbele ya wenzake.

"Dada Spès, unanuka pombe. Kaa nyuma kwanza."

"Ndugu, ni kazi."

"Wote wanasema hivyo."

"Eish, na ni pombe ya Wazungu!" mmoja akatupia. Wakacheka.

Akaenda kukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Akakaa miezi tisa.

Binti yake, Anaïs, anatusimulia: "Alikuwa anaoga kulekule kazini, anabadilisha nguo, anajisugua limau. Tukifika mlango wa kanisa ananinyooshea mikono. 'Anaïs, nusa. Harufu iko bado?' Ninamwambia, 'Hapana, Mama, haiko.' Basi anakaa, anangoja waite jina lake. Hawaiti."

Jumamosi tulimzika. Kanisani Anselmo alisimama, kofia ya jikoni mkononi. "Huyu mama alitufundisha sote," alisema. "Miaka kumi na moja, sijamwona akimeza hata tone."

Yeremia aliinamisha kichwa. Kisha akainua mkono ili kwaya iimbe. Kwaya ikasimama, ikangoja sauti ya kuanzisha. Mtu akakohoa. Yeremia, ambaye miezi yote tisa ndiye aliyeanzisha badala yake, akajaribu, akaanza juu mno, akaacha. Akaushusha mkono, akatembea taratibu hadi lile benchi la nyuma, akakaa. Jeneza likatoka bila wimbo. Zilisikika hatua za viatu tu.

Anaïs, mwanetu, pole sana. Poleni jamaa wote, hapa na kule Burundi. Mungu ampokee Mama Spès, ampe mahali pa kusimama mbele.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Ukisikia harufu kwenye nguo ya mwenzako, muulize ametoka wapi. Muulize akiwa bado anaweza kukujibu.