Hakuna Aliyemroga Eliaichi

Marehemu Eliaichi Sifael alizaliwa Chome tarehe 14 Mei 1981, mtoto wa kwanza wa mzee Sifael na mkewe Dorkas. Alilia mpaka mkunga akaziba masikio.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Chome, sekondari akashuka Same, kisha akaenda chuo Morogoro. Mwaka 2006 aliajiriwa huko kwenye maabara ya utafiti. Kazi yenyewe haikusimuliwa watu wakila. Alimsokomeza panya kwenye mrija mwembamba, panya akahangaika, akang'ata, akajikojolea kwa hofu. Kisha akamuua, akampasua, akautoa moyo, maana wataalamu walitaka kujua mshtuko unaharibuje moyo wa mtu.

Mama yake alimcheka. "Chuo chote hicho, ukaue panya? Mbona paka wetu hajasoma?"

"Paka anakula tu, Mama. Sisi tunatazama moyo. Hofu ikizidi, ncha yake inavimba kama kibuyu."

Tarehe 9 Agosti 2008 alifunga ndoa na Beatha, binti kutoka kijiji cha Kighare.

Tarehe 3 Februari 2024, akiwa likizo, aliteremka na mdogo wake Wilbard shambani Makanya. Wakakuta ng'ombe wa Yonathani, mfugaji wa bondeni, wamebomoa ukingo wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, maji yote yamekwenda. Wilbard akamkata ng'ombe mmoja panga la mgongo. Yonathani akamshushia Wilbard rungu la kichwa, ngozi ikachanika, damu ikamziba macho. Eliaichi akapiga yowe, "Wameniulia mdogo wangu!" Akashika kifua, akaanguka. Hakuna mkono uliomgusa.

Hospitalini mishipa yake ilikutwa safi. Moyo ndio uliovimba nchani. Wilbard alishonwa, akapona. Eliaichi alimwambia mama yake, "Ni ule ule wa panya, Mama. Wasije wakasema nimerogwa." Tarehe 6 alfajiri moyo ukapasuka.

Sasa imesikika vijana wanasema Yonathani ndiye aliyemroga, wameweka petroli, wakitoka kuzika wakachome boma la Yonathani, na watoto wake ndani. Rungu alilopigwa Wilbard, polisi wanalo. Lakini anayesema uchawi anamwita Eliaichi mwongo mbele ya jeneza lake.

Ameacha mama, mjane Beatha, watoto Faraja na Ernesta, na mdogo wake Wilbard, ambaye yu hai. Yonathani ameitwa na mama wa marehemu aje atupe udongo kama watu wote. Atakayetaka kumgusa aanze na huyo mama.

Eliaichi alale salama, udongo wa Chome usimlemee.