Nani Atafunga Kipaza?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kituo, Ndugu Mhariri Mkuu, wageni waalikwa mlioacha shughuli zenu, mama yetu uliyeketi mstari wa mbele na redio yako ndogo mapajani, shemeji zangu wawili, wafanyakazi wenzangu wa zamu zote, na ninyi wawili mnaojifanya hamjui kwamba siku ya leo ni yenu: habari za mchana.

Wengi wenu mnanifahamu kwa jina la Dada Kioo, lakini ni wachache waliowahi kunisikia nikisema zaidi ya maneno mawili. Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka kumi na saba nimekaa upande wa pili wa kioo cha studio, nikiwafungulia wenzangu vipaza wanapotakiwa kusema na kuwafungia wanapotakiwa kunyamaza. Leo nimeshika kipaza mwenyewe na hakuna wa kunifungia, kwa hiyo mniombee.

Tumekutana kuwaaga watangazaji wetu wa michezo. Huyu mrefu mwenye daftari ndiye mnayemwita Takwimu, na hata leo nimemwona akihesabu viti. Huyu aliyevaa koti lake la harusi, ambalo limekataa kufunga vifungo, ndiye Penalti, na jina hilo alipewa na wasikilizaji kwa sababu katika miaka yote hii hajawahi kukubali kwamba mchezaji anaweza kuteleza mwenyewe ndani ya eneo la hatari. Kuanzia wiki ijayo wanatuacha. Wanakwenda kujitegemea, kwenye hiyo inayoitwa podikasti.

Mama yake Penalti alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, hicho kipindi chao kipya kitakuwa saa ngapi?" Nikamwambia, "Mama, saa yoyote utakayotaka." Akanitazama kwa huruma. Akasema, "Kitu kisichokuwa na saa yake nitakikuta vipi?" Waheshimiwa, wataalamu wamekaa vikao vingi kuijadili teknolojia hii, lakini swali zito kuliko hilo sijalisikia. Mama, mjukuu wako mkubwa ameahidi kukuwekea kwenye simu, na akisahau, nipigie mimi.

Je, wanaondoka kwa sababu gani? Kila mtu humu ana jibu lake, na majibu mengine yamesemwa vyooni. Mheshimiwa Mkurugenzi, ulipokipunguza kipindi chao kutoka saa nzima hadi nusu saa, na katika nusu saa hiyo ukaweka dakika kumi za matangazo ya biashara, ulituambia kwamba msikilizaji wa siku hizi hana subira. Hukukosea hata kidogo. Wawili hawa wamekuwa wa kwanza kuishiwa.

Hata hivyo tuseme ukweli, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sitaki waondoke hapa vichwa vimevimba. Hawa si watu rahisi. Kwenye kioo changu nina lugha ya mikono. Kidole kimoja maana yake imebaki dakika moja. Ngumi maana yake malizia. Kiganja kwenye shingo maana yake nyamaza sasa hivi, taarifa ya habari inaingia. Penalti akiona kiganja shingoni husema, "Na kwa kumalizia, ndugu msikilizaji," halafu huanza mada mpya. Mara tatu msomaji wa habari ameingia hewani akiwa ameshajikohoza, amejipanga, amefungua kinywa, na anayesikika ni Penalti akidai adhabu ya mechi iliyochezwa mwaka juzi.

Takwimu yeye ana ugonjwa wa saa. Redioni, kama mjuavyo, kila baada ya robo saa kuna mapumziko ya matangazo, na mapumziko hayo yamemwingia kwenye damu. Shemeji ameniruhusu kulisema hili. Nyumbani wanaweza kuwa wanazungumza jambo la maana, ada ya watoto au bomba linalovuja, na robo saa ikitimia mwanamume huyu anasimama katikati ya sentensi, anakwenda jikoni kunywa maji, anarudi baada ya dakika tatu na kusema, "Naam, tunaendelea." Shemeji amezoea. Siku hizi na yeye hutumia dakika hizo kupanga majibu.

Nayasema haya kwa sababu yanahusu jambo lililotokea wiki tatu zilizopita, na wahusika wenyewe hawajui kwamba nalijua.

Walirekodi toleo lao la kwanza la majaribio. Studio ilikuwa chumba cha kulala cha Penalti, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia mwangwi, meza ni ubao wa kupigia pasi. Walipomaliza wakaniletea, wakanibembeleza, "Dada, tusafishie kidogo, ukate panapozidi." Nikaenda nalo nyumbani, nikavaa vifaa vya masikioni.

Robo saa ya kwanza ilikuwa safi. Nilicheka peke yangu. Kisha nikamsikia Takwimu akisema kwa ile sauti yake ya kazini, "Usiondoke, tutarejea baada ya muda mfupi." Wakanyamaza.

Ndugu zangu, hawakuwa na matangazo yoyote. Hakuna sabuni, hakuna benki, hakuna duka la magodoro lililowalipa. Walikuwa wamekaa ndani ya mablanketi, watu wazima wawili, wakisubiri matangazo ambayo hayapo yaishe. Baada ya dakika tatu wakarudi, "Naam, tunaendelea." Wakafanya hivyo mara saba.

Na kama mnavyojua, wakati wa mapumziko watangazaji huongea mambo yao, kwa sababu kule studio mimi huwa nimeshafunga vipaza. Chumbani kwa Penalti hakuna aliyefunga. Kila kitu kiliingia. Nimesikia chai ikinywewa. Nimesikia viatu vikivuliwa na malalamiko yaliyofuata. Mhariri Mkuu, yaliyosemwa juu yako nimeyafuta yote, isipokuwa moja, ambalo nimejiwekea pembeni kwa sababu ni la kweli na ni zuri: kwamba wewe ndiye uliyekaa na Penalti hospitalini siku mtoto wake alipolazwa, na hujawahi kumwambia mtu.

Mapumziko ya tano ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi ya kusema leo. Nimewaomba radhi mapema kwa haya ninayoyatoa hadharani, nimewaomba radhi moyoni, kwa sauti wataombwa baada ya chakula.

Takwimu alisema, "Ndugu yangu, na kama tukianguka?"

Penalti hakujibu. Niliangalia saa. Sekunde kumi na moja. Nimefanya naye kazi miaka kumi na saba na sijawahi kumpata kimya kwa sekunde kumi na moja, hata akiwa anameza. Halafu akasema, "Wakitufuata watano, tutawatangazia hao hao watano."

Takwimu akasema, "Sisemi idadi." Hebu fikirini, Takwimu, hasemi idadi. "Nasema kule, nikipotea, nilikuwa nainua macho nikimtazama Dada kwenye kioo, najua niko wapi na imebaki dakika ngapi. Hapa nikiinua macho naona blanketi."

"Basi mwombe aje."

"Amebakiza miaka miwili astaafu. Tutamharibia. Usimwambie."

"Simwambii."

Wakarudi hewani, "Naam, tunaendelea," na wakamletea huyo huyo wasiyetaka kumwambia akasafishe.

Nilivua vile vifaa nikalia, siwafichi. Katika kazi yetu sisi tulio nyuma ya kioo, ukifanya vizuri hakuna anayejua kwamba upo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini nani humuuliza muundaji jina? Nilidhani kwa miaka yote hiyo wawili hawa waliinua macho kuangalia saa iliyo juu ya kichwa changu. Kumbe walikuwa wananiangalia mimi.

Toleo lile nilikata mapumziko yote saba nikawarudishia. Wakanishukuru, wakasema limekuwa fupi, wakashangaa muda umekwenda wapi.

Basi asubuhi ya leo nimeingia ofisini kwa Mheshimiwa Mkurugenzi na maombi mawili. La kwanza, nilimwomba ile taa nyekundu ya zamani iliyokuwa juu ya mlango wa studio kabla hamjaweka hii mpya. Mnaikumbuka. Ikiwaka, mtu yuko hewani, chunga ulimi wako. Ikizimika, sema utakalo. Alinipa bila maneno, na kwa hilo, Mheshimiwa, nakushukuru.

La pili, nilimuuliza Jumamosi yangu ya mapumziko ni ya nani. Alivua miwani, akaipangusa, akasema, "Ni ya kwako, ila tafadhali usiniambie unaifanyia nini." Mheshimiwa, samahani sana. Nakaribia kukuambia, tena mbele ya watu.

Takwimu, Penalti, njooni hapa mbele. Penalti, koti liache kitini, tumeshaliona. Hii ndiyo zawadi yetu wafanyakazi. Itundikeni juu ya mlango wa kile chumba, na shemeji atusamehe kwa msumari. Mkiwa na taa hii, mtajua lini mko hewani na lini mko ninyi wenyewe, na mambo ya moyoni hayatamfikia tena mtu kwa bahati mbaya.

Naona Takwimu anaigeuzageuza. Anatafuta swichi. Ameshaangalia nyuma, sasa anafuata waya.

Usihangaike, kaka. Waya nimeukata hapo makusudi. Swichi iko ndani ya mkoba wangu, na Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, itafika pamoja nami. Andaeni kiti, mkiweke mahali ambapo mtu akiinua macho ataniona. Na Penalti, kiganja kikigusa shingo, utanyamaza.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Ndugu Mhariri Mkuu, mama yetu, ndugu zangu nyote, nimesema mengi zaidi kwa siku moja kuliko nilivyosema kwa miaka kumi na saba, na nanyi mmenivumilia bila hata mmoja kunionyesha ngumi. Asanteni sana kwa masikio yenu. Kipaza hiki sasa nakifunga mwenyewe.