Nilishuhudia Kabla ya Kuchaguliwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu, hata kwa kinywa kilichowadanganya! Mwaka jana nilisimama hapa hapa nikawaambia nimechaguliwa kuwa kadeti, kwamba naenda kusomea uafisa wa jeshi. Mlipiga makofi. Akina mama walipiga vigelegele. Ushuhuda ule ulikuwa wa uongo.

Naomba nieleze kwa utaratibu, kwa sababu kuna wageni leo, na kwa sababu hata ninyi mnaonijua mmesikia vipande tu.

Mimi ni Chepkirui. Nyumbani ni hapa Sosiot, shamba la majani chai lile linaloteremka hadi mtoni. Tangu darasa la sita nilitaka kuwa afisa. Nilipomaliza chuo niliomba nafasi, nikapita mbio, nikapita daktari, nikaitwa kwenye usaili wa mwisho. Jumapili kabla ya kwenda, tulikuwa na ibada ya shukrani. Mnajua desturi yetu: mtu anatangulia kushukuru, anatamka jambo kama limekwisha kutendeka, na tunaliita imani. Nilipopewa kipaza sauti sikusema nimeitwa usaili. Nilisema nimechaguliwa. Hakuna aliyenituma. Niliona uso wa mama, nikashindwa kusema jambo dogo.

Mlinichangia sanduku la chuma, lile la wanafunzi wa bweni, mkaandika jina langu kwa rangi nyeupe. Mlinipa blanketi mbili. Kuanzia siku hiyo, kwenye kituo cha kupimia majani, mama aliitwa Mama Afisa.

Kwenye usaili walikaa maafisa watatu. Mmoja aliniuliza, "Umewahi kuongoza watu gani?"

Nikasema, "Kwaya, afande."

"Kwaya ikikataa kuimba, unafanya nini?"

Nikasema, "Haijawahi kukataa, afande." Hawakunidharau. Waliniambia umri bado unaniruhusu, nirudi nikikomaa, nijaribu tena. Ndugu zangu, lile lilikuwa neno zuri! Ningelileta nyumbani lilivyo, tungeomba pamoja. Lakini sanduku lilikuwa limeshaandikwa jina.

Niliwaaga kana kwamba naenda kozi, nikalibeba hadi Chepilat, mji wa mpakani mwa kaunti, kwa shangazi yangu, dada ya baba asiyesemezana naye miaka mingi. Aliniuliza mara moja tu, "Mama yako anajua?" Nikamwambia nitamweleza. Baadaye akalifanya sanduku kuwa la kuhifadhia unga.

Huko mpakani kulikuwa na wizi wa ng'ombe, na serikali ilikuwa ikitafuta askari wa akiba, wenyeji wa kujitolea wanaofundishwa, wanapewa bunduki na sare, na wanalinda kwao. Nilijiambia: nitaingia akiba, nitajifunza kuongoza watu, nitaomba ukadeti tena, nikichaguliwa uongo wangu utakuwa umegeuka ukweli. Niliuona kuwa mpango mzuri. Nilisimamishwa kwenye baraza, chifu akauliza kama kuna mwenye neno dhidi yangu. Hakuna aliyekuwa nalo. Hawakunijua.

Tulikuwa kumi na mmoja, wanawake wawili. Kiongozi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Koplo. Aliposikia ninajiandaa kurudia usaili wa uafisa, alicheka hadi akakohoa.

"Meja!" akasema. "Kuja hapa, Meja. Hii bunduki inashikwa hivi, si kama jembe."

Wote wakaniita Meja. Chai ikikolea majani walinitania, "Meja, hii chai iko na cheo." Lakini Koplo alinifundisha kweli. Alinikimbiza milimani asubuhi, alinipa watu watatu niwaongoze kwenye doria, na kila doria ikiisha alidai ripoti iliyoandikwa. "Sema ulichoona," alikuwa akisema. "Ulichokuwa unataka kuona, bakia nacho."

Niliandika ripoti safi. Tuliona nyayo, tuliona uzio uliokatwa, hatukuona mtu. Kisha naweka kalamu, nachukua simu, namwambia mama kwamba nimetoka darasani. Ndugu zangu, mkono ule ule!

Siku moja nilimtumia picha yangu nikiwa na sare. Nilikata pembeni ili Koplo na kibanda chetu cha mabati visionekane. Mama aliileta hapa kanisani. Wengi wenu mliiona. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Mnakula vizuri?"

"Tunakula, mama."

"Nyota wamekuwekea begani?"

"Bado. Mpaka tumalize."

"Basi usikimbilie. Fanya vile wanasema."

Halafu Jumapili moja hakupiga. Ya pili pia hakupiga. Baba aliniandikia kwamba simu ya mama imeharibika, wako salama, nisome. Nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi, kwa sababu sikulazimika kudanganya wiki hizo.

Siku ya soko la Chepilat nilikuwa zamu karibu na wauza ndizi. Nikasikia jina langu. Alikuwa Mama Gladys, jirani yetu wa hapa Sosiot, aliyefuata ndizi. Yuko hapa leo, anaweza kunisahihisha.

"Chepkirui! Haki ni wewe? Kumbe walikupatia likizo?"

Akaangalia sare, akaangalia wenzangu, akamwangalia Koplo anakula ndizi.

"Sasa kama uko likizo, unafanya nini huku na mama yako amelala hivyo?"

"Amelala vipi?"

Aliweka chini mkungu wake. "Uui! Hukuambiwa?"

Mama alikuwa ameanguka kwenye majani, kikapu mgongoni. Upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Siku ya kwanza ulimi ulikuwa bado unatoa maneno, na neno alilorudia, Mama Gladys akaniambia, lilikuwa hili: "Msimwambie mtoto. Akiacha masomo aje, watamfukuza kozi." Siku ya pili ulimi ulifungika. Zilikuwa zimepita wiki tatu.

Uongo wangu ndio uliosimama mlangoni kwa mama, ukanizuia nisiingie.

Nilirudisha bunduki kwa Koplo pale pale sokoni. Hakunitania. Alisema, "Nenda, mtoto wangu." Nilifika nyumbani jioni hiyo nikiwa bado na sare. Baba alisimama akataka kunipigia saluti, mzee wa watu! Nikampita nikaingia chumbani. Mama aliponiona alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akanishika begani. Akapapasa. Akahama bega la pili, akapapasa. Alikuwa anatafuta nyota.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Usaili, sanduku, Chepilat, picha niliyoikata. Baba alikuwa mlangoni akasikia. Nilimwita Mungu kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa hapa kanisani hata siku moja, na ndugu zangu, kitu kilinitoka! Mwaka mzima nilikuwa nikiamka nikihesabu nani nimemwambia nini. Usiku ule nililala sakafuni kando ya kitanda chake, na nilipoamka sikuwa na neno la kukumbuka. Utukufu ni kwa Mungu!

Lakini sikuja kuwaambia kwamba mambo yamenyooka. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuza uso ukutani.

Nimeomba ukadeti tena. Mahali pa kueleza uzoefu nimeandika askari wa akiba, Chepilat, na Koplo amenipa barua inayosema nilichofanya na nisichofanya. Majibu hayajatoka. Msinipigie makofi. Sitamki lolote, sidai lolote. Yakija nitawaambia yalivyo, hata kama ni hapana.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mchungaji, aliyenisikiliza wiki iliyopita akaniruhusu nisimame tena mahali nilipokosea. Nawashukuru ninyi kwa sanduku, na naomba mnisamehe. Na wewe unayekaa hapo na jambo ulilotangaza kabla halijawa, ambalo sasa unalilisha kila siku ili lisife, mpe Yesu leo. Usingoje mama yako aanguke. Anapokea watu kama mimi, nimeona kwa macho yangu.

Mama yuko pale, benchi ya mbele, kando ya baba. Tangu siku ile anakula kwa mkono wa baba, anakula kwa mkono wa dada yangu, hata jirani akimlisha anakula. Leo asubuhi nimempelekea uji wa wimbi, nimeupoza, nimemwinulia kijiko. Hakufungua kinywa.