Mama Clothilde ni wa Nyumba Zetu Tano

Mgeni rasmi, Bi Charlotte, mmiliki mpya wa majengo haya tunamokaa; mwalimu wetu Kezia; majirani wote: asalaam alaykum, Bwana asifiwe, na kwa wasio wa huku wala kule, habari za jioni.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana katika ukumbi wetu huu wa pembeni ya mashine za kufulia. Kwetu mgeni mkubwa husomewa risala, naye husikiliza mpaka mwisho ndipo ale. Basi tuvumilie, pilau limo jikoni halikimbii. Dada Tasnim, aliyetoka kazini Plano mbio mbio, atakutafsiria. Tasnim, usiruke kitu, hata pale utakapoona haya. Mimi msomaji naitwa Bimdogo, mtu wa Unguja, na wenzangu wamenichagua kwa kuwa sijui kunong'ona.

TULIKOTOKA

Sisi ni wanafunzi wa darasa la uraia wa Marekani la kila Jumatano. Wengine tumetoka Uvira na Fizi kule Kongo, wengine Mombasa, wengine Unguja, na Fort Worth ndiyo iliyotukutanisha. Ah, miaka ile ya mwanzo! Gari lilikuwa moja tu, la mwenzetu Florent, bovu la kukohoa. Alfajiri lilipeleka wafanyakazi wa ghalani, likarudi kuwachukua wa hospitali. Milango ilikuwa wazi, sombe la majani ya muhogo linanukia ngazini, mtoto anakula popote njaa ilipomkuta. Tukiyakumbuka hayo machozi hutulengalenga. Siku hizi kila mtu ana gari lake, waliojaliwa wamehamia Mansfield, na salamu tunapungiana kupitia kioo.

TULICHOJIFUNZA

Tunamshukuru mwalimu Kezia, maana wote tuliofanya mtihani tumefaulu. Lakini yeye alitufundisha mengi kuliko mtihani ulivyouliza. Alitueleza kwamba katika miji midogo ya zamani ya huku, kabla hata hii haijawa nchi, watu walikaa mkutanoni wakaulizana: mjane fulani msimu huu atakaa kwa nani? Akawekwa nyumbani kwa jirani, na mji ukachangia matunzo yake. Josué aliruka kitini: "Kumbe! Hawa walikuwa watu wa kwetu kabisa!" Tukasikia pia kwamba Waafrika waliokuwa huru kule Philadelphia waliunda vyama vya kutunza wagonjwa na wajane wao. Sisi vyama hivyo twaviita vya kufa na kuzikana, na tulilelewa ndani yake.

Wala Kezia hakutupambia. Miji hiyo hiyo ilimwamuru maskini mgeni aondoke kabla hajazoeleka, isije ikabidi kumlisha. Na palikuwa na watu waliouzwa na kununuliwa hapo hapo. Kwa hiyo kumweka maskini ni jambo la zamani hapa, na kumfukuza pia ni la zamani. Tulijadili sana lipi tulichukue, mpaka chai ikapoa.

YALIYOTUFIKA

Tasnim, hapa ndipo ushike moyo. Mama Clothilde, mjane wa Fizi, aliumia mgongo ghalani mwaka jana. Kazi ikaisha, kodi ya nyumba ikamshinda. Tukafanya tunavyojua: wiki hii anakaa kwa Josué, ijayo kwangu, kisha kwa Florent, kwa Véronique, kwa Ahmada. Mwezi uliopita meneja wako alipita mlango kwa mlango akiuliza mama huyu anakaa kwa nani. Ee Mungu, ujinga wetu! Kwetu kumkana mgeni wako mbele ya mtu ni aibu isiyofutika. Kila mlango ukajibu kwa fahari: "Anakaa kwangu!" Ahmada akaongeza: "Na hatoki!" Sasa nyumba zote tano zina barua. Tumeweka mtu asiye kwenye mkataba, kwa hiyo kufikia Ijumaa atoke yeye ama tutoke sisi.

OMBI LETU

Mama Clothilde alipopata habari alisema: "Mi nitaenda. Musifukuzwe juu yangu." Aende wapi? Texas nzima hana mwingine. Jana tulimkuta anakunja vitenge vyake, na roho zetu zilituuma sana.

Tunakuomba, mgeni rasmi, uziondoe barua hizo, na umwandike katika mkataba wa nyumba mojawapo. Usituulize ipi. Tulijaribu kukubaliana, tukagombana Jumatano nzima, kila mmoja anamvutia kwake, na Véronique mpaka leo kaninunia. Chagua wewe, tutatii.

Hatukutishi. Ila tumeapa kwamba Ijumaa, mama huyu akishuka ngazi hizo na begi lake, tutashuka naye nyumba zote tano, na watoto, na magodoro, na masufuria.

Mungu akulinde na wote unaowapenda, na siku utakapozeeka akupe majirani wa kukugombania.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Darasa la Uraia la Jumatano, Fort Worth